Herufi moja, marobota 40

Jumatatu asubuhi kijana wetu wa atachimenti alimwandikia mteja kwamba mzigo wake uko "lose" pale CFS, kituo cha kufungulia makontena. Alitaka kusema "loose", yaani umeshatolewa kwenye kontena. Mteja akaelewa umepotea. Simu nilizopokea kabla sijamaliza mahamri yangu, Mungu ndiye ajuaye. Nina miaka 19 kwenye klaringi, kazi ya kuwatolea watu mizigo forodhani, hapa Mombasa, na kila kundi jipya likiingia huja na makosa yale yale, kana kwamba wanarithishana. Basi safari hii naandika, mjisomee, msinichoshe koo.

1. "Loose" ina o mbili, imelegea. "Lose" imepoteza moja. Haya, tuendelee.

2. "Advice" ni kitu, "advise" ni kitendo. Sikio litakusaidia: la kwanza huishia kwa sauti ya s, la pili kwa z. "Licence" na "license" hufuata mtindo huo huo kwa Kiingereza cha Uingereza, ila hapo sikio halikufai kitu, maana yote mawili hutamkwa sawa. Wamarekani wamejiondolea taabu, wao ni s kote. Kwa hiyo mteja wa Houston akiandika "import license" usimsahihishe. Kuna mtu wa ofisi hii aliwahi kumsahihisha. Simtaji, anasoma hapa.

3. "Insure" na "ensure". Hapa vuteni viti.

Nilikuwa mwaka wa pili kazini, ofisi ndogo, feni moja, na Kiingereza changu nakionea fahari. Mteja wa Nakuru ameagiza vitambaa vya makochi, marobota 40. Entri ya forodha imepita, ushuru umelipwa, D/O, yaani hati ya kuruhusu mzigo utolewe, iko mkononi, lori limepakia. Ni masika, mteja ana wasiwasi, akaandika kuuliza kama mzigo utafika salama. Nikamjibu: "We will insure that your goods reach you safely." Nikaisoma mara mbili, nikaipenda. Hilo neno "insure" nililiona kwenye karatasi chungu nzima pale ofisini, nikaamini ndilo la watu wazima wa kazi, na lile la e ni la watoto wa shule.

Lori likakwama Mariakani kwenye foleni ya mizani. Mvua ile haikuwa ya mchezo. Turubai lilikuwa na tundu upande wa nyuma, ngumi inapita, na dereva amejilalia zake kwenye kebini. Usiku kucha marobota ya juu yanakunywa maji. Yalipofunguliwa Nakuru, 11 yalikuwa yananuka uvundo.

Mteja hakutukana. Aliomba hati ya bima tu. Nikamjibu, kwa adabu zangu zote, kwamba hatukukata bima. Akanirudishia barua pepe yangu mwenyewe, lile neno limepakwa rangi ya manjano.

Mzee, yaani bosi wangu wa wakati huo, aliniita. Akanisomea ile sentensi taratibu, neno kwa neno, kisha akavua miwani. "Mwanangu, hii kampuni ya bima tumeifungua lini?" Nilitamani sakafu inimeze. Ofisi ikasamehe ada yake yote na kulipia yale 11, nami nikakatwa mshahara miezi sita. Wallahi, hadi leo nikipita duka la makochi naangalia upande wa pili.

Basi: "ensure" ni kuhakikisha, "insure" ni kukata bima, "assure" ni kumtuliza mtu moyo. Ndiyo, najua kamusi za Kimarekani hukubali "insure" kwa maana ya kuhakikisha. Nenda kamwambie hivyo mtu aliyeshika kitambaa kilichovunda. Mimi siku hizi kabla ya kuandika najiuliza kwa Kiswahili kwanza: nahakikisha au nakata bima? Kwa Kiswahili hayo mawili hayajawahi kukutana.

4. Ila Kiswahili nacho kina mitego yake. Sisi tunaazima kwenda na kurudi: niazime kalamu, nimeazima kalamu. Kiingereza hakikubali. Anayetoa ni "lend", anayechukua ni "borrow". Juzi mtu ameandikia ofisi ya jirani "please borrow us your stapler", wakafikiri tunawagawia yetu.

5. Kontena likipitiliza siku za bure ndani ya bandari, hiyo ni "demurrage". Likiwa nje na hamjalirudisha tupu, ni "detention". Zote ni ada za shipping line, yaani kampuni ya meli. "Storage" ni ya bandari. Msimrundikie mteja jina moja.

Yule kijana alirudi baada ya chakula cha mchana na barua ya kumwomba mteja radhi, ati niipitie. Ameandika: "Your cargo is loose, but it is quiet safe."

Mzigo umenyamaza, uko salama. Nikamwambia aketi, nikaagiza kahawa mbili.