Viti vya bibi: usikimbilie rangi

Dada yangu wa Mkoani, umeuliza kama viti vinne vya mvule alivyokuachia bibi vitafaa kupakwa rangi nyeupe, kisha kahawia nyepesi juu yake. Vitafaa sana. Ila kwanza vioshe kwa sabuni, vikauke kivulini. Chumvi na mafuta ya mikono hubandua rangi. Piga msasa namba 120, halafu 220, ukifuata nyuzi za mbao. Paka praima, yaani rangi ya msingi ya kushikisha, kisha nyeupe mara mbili, nyembamba nyembamba. Ikikauka kabisa, paka ile kahawia kiti kimoja kimoja na uifute mapema kwa kitambaa: ibaki kwenye nakshi tu, hapo ndipo penye uzuri wake! Malizia kwa vanishi. Masika usijaribu, unyevu haukauki. Na mguu ulioliwa na mchwa, mwite seremala kabla ya yote.