Begi la kilo 12 na siku ya kwanza ya Camino

Dada yangu, umesema kesho kutwa unafika Saint-Jean-Pied-de-Port, Ufaransa, kuanza Camino, ile njia ya mahujaji ya kutembea hadi Santiago, Hispania, begi lina kilo 12 na usingizi umekuruka. Usingizi uache, wengi hawalali usiku ule. Begi ndilo la kushughulikia leo. Jitahidi lisizidi sehemu ya kumi ya uzito wako. Toa jinzi, toa viatu vya pili, bakiza ndala. Nguo seti mbili zinatosha, utafua kila jioni.

Ukifika, pitia ofisi ya mahujaji uchukue kile kitabu cha kugongwa mihuri. Bila hicho mabweni ya mahujaji hayakupokei. Waulize hali ya hewa mlimani. Njia ya juu hufungwa kuanzia 1 Novemba hadi 31 Machi, na hata Aprili hii, wakikwambia kuna theluji, pita bonde la Valcarlos wala usione haya.

Siku hiyo ya kwanza ni ngumu kweli: kama kilomita 25, ukipanda hadi zaidi ya mita 1,400. Jaza maji Orisson, kituo cha njiani. Hatua fupi, polepole, hata wazee wakikupita. Kinachoumiza watu zaidi ni mteremko wa kuingia Roncesvalles, utakapolala usiku huo. Ukifika juu kabisa, pale Lepoeder, usinyooke na msitu. Shika kulia, njia ya Ibañeta, ni ndefu kidogo lakini inahurumia magoti. Kidole kikianza kuwaka moto, simama papo hapo, vua kiatu, bandika plasta kabla lengelenge halijajaa maji.

Na kitanda cha Roncesvalles, dada, kiwekee nafasi leo hii.