Sifuri Tatu Zilizonidanganya Kibirizi

Jana mchana hapa karakanani Mwanga, Kigoma, kijana kachukua kaunta ya mkononi, kile chombo cha kupimia frikwensi ya redio, kachomeka waya wake moja kwa moja kwenye tundu la antena la redio ya boti, kabonyeza pitiiti, kile kitufe cha kuongea. Wati 25 zikaingia mahali palipotengenezwa kwa miliwati. Namba zikaonekana nusu sekunde, kioo kikazima. Akanigeukia: "Fundi, betri imekwisha?" Mwanangu, betri ni nzima. Hii ni kaunta ya tatu mwaka huu na zote zimekufa kifo hicho hicho. Nikaona heri niandike kabla sijamrushia mtu koleo.

1. Redio kwenye dami lodi, ule mzigo bandia unaomeza nguvu badala ya antena, kaunta pembeni na kiantena chake kifupi. Basi.

2. Kaunta ni saa. Inafungua geti sekunde moja, inahesabu mizunguko inayopita, inafunga. Sekunde yenyewe inaipata kwenye kristali yake, kile kijiwe kinachotetema kwa mwendo mmoja, na kristali ikienda mrama namba zote zinakwenda nayo, tena bila kupepesa. Wazee waliotumia BC-221, ile mashine ya kupimia frikwensi ya jeshi la Marekani ya wakati wa Vita vya Pili, walilijua hili: kila mashine ilikuwa na kitabu chake cha vipimo, kilichoandaliwa kwa ajili yake peke yake. Ukikipoteza umebaki na sanduku zito, na cha mashine ya jirani hakikusaidii. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Hewlett-Packard wakaleta kaunta yao, 524A, ikahesabu hadi 10 MHz kwa vali, lakini hiyo huibebi kwapani kwenda ufukweni. Sisi tukaja kuikuta ICM7216, chipu moja inayohesabu hadi 10 MHz na kuwasha tarakimu nane. Tukavimba vichwa.

Changu ndicho kilichovimba zaidi. Mwaka 1998 niliunda kaunta kwa chipu hiyo, nikaweka mbele yake kigawanyi cha kushusha frikwensi ili ifike VHF, masafa ya redio za boti, nikaifungia kwenye kopo la maziwa. Siku moja trima ya kristali, kile kikapasita cha kuirekebisha, ikavunjika. Trima nyingine ilikuwa Dar es Salaam, na Dar ni karibu siku mbili kwa treni. Nikang'oa kapasita kwenye redio mbovu, nikachomelea, kaunta ikawaka, nikapiga mluzi. Kumbe kapasita ile ilikuwa ndogo kuliko inavyotakiwa, kristali ikapanda kama 250 Hz juu ya 10 MHz. Robo kilohezi tu, nani anajali? Ila geti likawa linafunga mapema, kwa hiyo kaunta inasoma chini, na mimi nikawa napandisha redio za watu ili namba "ikae sawa".

Zilikuwa redio sita za mzee mmoja mwenye boti pale Kibirizi, ufukwe wa boti wa Ziwa Tanganyika, zile za zamani zenye kristali kwa kila chaneli. Nikazifanya zote kwa siku moja, kupokea na kurusha. Kila moja MHz 156.8000, ndiyo chaneli 16 ya kuitia msaada, sifuri zimekaa mstari kama wanafunzi wa gwaride. Tukazijaribu boti kwa boti: sauti kama mtu yuko chumba cha pili. Zilisikilizana kwa sababu zote zilikosea pamoja! Nikalipwa, nikala migebuka.

Usiku wa wiki iliyofuata boti moja ikazima injini katikati ya maji. Nahodha akaita nchi kavu chaneli 16. Alikuwa karibu kilohezi nne juu. Kwa umbali ule nchi kavu waliambulia mikwaruzo tu, skwelchi, ile inayonyamazisha redio pasipo na mawimbi, ikifungua na kufunga. Abiria wamelala na mbuzi na magunia, boti inaelea mpaka asubuhi ilipookotwa na wavuvi wa dagaa. Hakuna aliyeumia. Mzee akaja karakanani, hakufoka. Aliweka redio mezani akasema, "Mwanangu, hii redio yako inaongea na ndugu zake tu." Nilizirudia zote sita bure, kwa kaunta ya kuazima, na mpaka leo nikipita Kibirizi kuna manahodha wananiita Fundi Sifuri.

Nyinyi mna moduli ya GPS inayotoa mpigo kila sekunde kwa bei ya chakula cha siku mbili. Ilinganisheni kaunta nayo. Na iacheni ipate joto nusu saa kwanza.

3. Jenereta usilipime kwa geti la sekunde moja, utasoma hezi 49, 50, 51 ukadhani gavana, ile inayoshika kasi ya injini, ni mbovu. Pima muda wa mzunguko mmoja kisha geuza: moja gawa kwa muda huo. Mji huu tuliishi miaka kwa umeme wa majenereta, na nimeona fundi akifungua gavana nzima kwa ajili ya tarakimu moja ya mwisho ambayo kila kaunta huirusharusha.

4. Kaunta ya mkononi hudaka anayerusha kwa nguvu kuliko wote, na asipokuwepo anayerusha hutunga namba yake yenyewe. Kijana wa jana, kabla hajaua ile ya tatu, alikuwa ameniandikia daftarini frikwensi ya redio iliyokuwa haijawashwa.