Mama kaanguka mara mbili: kumkalisha si tiba

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mama yangu ana miaka 74, anaishi Makorora hapa Tanga, na anatumia dawa za presha. Ameanguka mara mbili ndani ya miezi mitatu, zote usiku akiamka kwenda msalani. Tumemkataza kupika na kutoka. Kuna mtu alimshikisha kijiti cha mashine ya "kupima mwili mzima", akasema mifupa imekwisha kalsiamu, akamuuzia unga. Tuendelee nao?

JIBU: Marahaba, dada. Unga uacheni leo. Kijiti cha kushika mkononi hakioni kalsiamu iliyo ndani ya mfupa. Uimara wa mfupa hupimwa kwa eksirei maalumu.

Ila kinachoniudhi zaidi ni hilo mlilolifanya kwa mapenzi. Kila wiki naletewa mzee aliyepumzishwa mpaka hawezi kuinuka mkekani. Utafiti mmoja uliwalaza wazee wenye afya njema siku 10 tu, wakapoteza karibu kilo 1 ya msuli wa miguu. Sasa mama kakalishwa kwa muda gani? Miguu ikilegea, ataanguka hata mchana.

Kuanguka kila anapoamka kunanipa shaka ya presha kushuka ghafla. Mpelekeni hospitali ya Bombo au kituo cha afya cha jirani, na dawa zake zote mkononi. Apimwe akiwa amelala, kisha dakika ya 1 na ya 3 baada ya kusimama. Namba ya juu ya presha ikishuka kwa 20 au zaidi, daktari aangalie dozi, nyinyi msiipunguze. Kwa sasa akae kwanza ukingoni mwa kitanda achezeshe nyayo, taa iwe karibu, na kandambili zilizolika mzitupe.

Kisha mwekeeni kiti kigumu, kimeegemea ukuta. Mikono kifuani, ainuke na kukaa mara 5, mmoja wenu akiwa pembeni. Akizidisha sekunde 15, miguu ni dhaifu, na zoezi lenyewe ni hilo hilo, kila siku. Jikoni arudi. Akipata nguvu atakalia tena mbuzi ya nazi. Kuinuka pale kunashinda vifaa vyangu vingi vya mazoezi. Na chai kwa mkate haijengi msuli: apate dagaa, kunde, mayai.

Wengine mnaosoma, angalieni na hizo "dawa za magoti". Diklofenaki ya kununua kila siku hupandisha presha, huumiza figo na tumbo. Mchanganyiko wa chupa unaomaliza maumivu jioni ile ile mimi huutilia shaka: baadhi huwa zimetiwa steroidi, dawa kali za kushusha uvimbe, kwa siri, na steroidi za muda mrefu ndizo zinazodhoofisha mfupa. Na muuzaji akimwambia mzee aache vidonge vya presha ili dawa yake "ifanye kazi", mtoeni nje kabla hajafungua begi.