Kuwatembelea Waamish wa Lancaster bila kuwakera: barabara, kamera na vibanda vya biashara

Mleta mada, umesema unatoka Baltimore na familia wikiendi kwenda Lancaster, Pennsylvania, ukauliza kama Waamish, Wakristo wanaoishi maisha ya kizamani na kutumia vigari vya farasi, wanakubali kupigwa picha na kama mnaweza kuingia mashambani kwao. Picha za watu, hapana. Shambani mnaingia pale tu penye kibao cha biashara. Ila kwanza badilisha siku: Jumapili hawauzi chochote, na vibao vyao vinasema hivyo wazi. Nenda Ijumaa na Jumamosi, siku ambazo hata soko la Central Market la mjini Lancaster huwa wazi. Wanafunga pia Alhamisi ya Kupaa na Jumatatu ya Pasaka, na hapo wageni wengi hukuta kumefungwa bila kujua kwa nini.

Barabara ndiyo ya kuzingatia kuliko yote, maana ndipo mgeni anaweza kuua mtu. Kigari cha farasi kinakwenda kilomita 8 hadi 13 kwa saa. Ukiwa kwenye mwendo wa 88 ukakiona mita 150 mbele yako, una kama sekunde 7 kabla ya kukigonga, na barabara za huko zina vilima na kona zinazokificha. Kwa hiyo ukiona alama ya njano yenye mchoro wa kigari, au kinyesi kibichi cha farasi kwenye lami, punguza mwendo hapohapo. Nyuma ya kigari angalia pembetatu ya rangi ya chungwa. Usipige honi wala kuwasha taa kali, farasi akishtuka anaweza kurukia katikati ya njia. Ovateki pale tu unapoona mbele vizuri, hamia upande wa pili kabisa, na usirudi mpaka umemwacha farasi mbali nyuma yako. Mkisimama kwenye makutano, acha mita 4 au 5, kwa sababu kigari huweza kurudi nyuma kidogo kabla farasi hajavuta. Waliojifunza udereva Dar, Nairobi au Kampala waongeze umakini: Marekani gari linapita kulia, na kigari kiko kulia kwako, upande ambao jicho lililozoea kushoto huukagua mwisho.

Barabara namba 340, inayopita Bird-in-Hand na Intercourse, ina ugonjwa wake: watu wanatambaa na gari huku simu iko dirishani. Tafuta maegesho, shuka, tembea.

Kuhusu kamera, sababu zao ni mbili. Wanashika amri ya Kutoka 20:4 juu ya sanamu, na wanaona kujipanga mbele ya kamera ni majivuno, kitu ambacho maisha yao yote yamejengwa kukikwepa. Kuna watakaovumilia ukiwapiga kwa mbali, lakini kuvumilia si kuridhia, na mtu aliyenyamaza hajakuruhusu. Kumwomba ruhusa nako kunamweka pabaya, maana hapendi kukukatalia mgeni. Watoto msiwaguse kabisa kwa kamera, hata wakitabasamu. Piga mashamba, maghala, vigari visivyo na mtu. Droni iache nyumbani.

Shule zao ni chumba kimoja, hadi darasa la nane, na ziko wazi kando ya barabara. Usisimame karibu nazo. Tarehe 2 Oktoba 2006 mtu aliwapiga risasi wasichana katika shule ya Nickel Mines, watano wakafariki. Jengo lilibomolewa. Usiende kulitafuta na usiwaulize habari hiyo.

Mahali pazuri pa kukutana nao ni kwenye biashara, kwa sababu hapo wewe ni mteja na yeye ni muuzaji, na kila mmoja anajua nafasi yake. Beba noti ndogo, za dola 1 na 5. Vibanda vingine havina mtu: kuna bei iliyoandikwa na kisanduku cha pesa, unaweka kiasi kamili unaondoka. Tamaa yetu ya kusema “punguza kidogo” tuiache, bei iliyoandikwa ndiyo bei. Mfarishi mkubwa wa viraka ulioshonwa kwa mkono unaweza kuvuka dola 1,000. Ukiukagua kwa karibu, mishono midogo iliyofuatana sawasawa kutoka pembe hadi pembe itakuambia fedha imekwenda wapi. Muulize fundi kuhusu kazi yake, mkulima kuhusu mahindi yake, na mazungumzo yatakuja yenyewe. Kiingereza wanakijua vizuri, ingawa wenyewe kwa wenyewe wanaongea Kijerumani cha Pennsylvania. Habari za vijana kuasi au waliotengwa na kanisa, mambo ya kwenye televisheni, usiyaguse.

Nyumba ya kuishi huingii bila mpango. Zipo familia zinazokaribisha wageni kwa chakula cha kulipia, kwa miadi. Sala yao ni ya kimya, kabla na baada ya kula: inamisha kichwa, usiguse kijiko mpaka mwenyeji ainue chake. Mavazi yafunike mabega na magoti. Hijabu au kitenge havina shida.

Mwisho, usiwachanganye na Wamennonite. Waamish walijitenga nao mwaka 1693 wakimfuata Jakob Ammann. Wamennonite wa Lancaster ndio waliotuma wamisionari Shirati mwaka 1934, na kutoka hapo likaja Kanisa la Mennonite Tanzania. Wengi wao wanaendesha magari na wanapiga picha bila shida, kwa hiyo ruhusa ya Mmennonite haimhusu jirani yake Mwamish. Ila wapo Wamennonite wa mkondo wa kale wanaotumia farasi pia. Pale Lancaster kigari cha kijivu ni cha Waamish, cheusi ni cha hao. Ukienda Holmes County, Ohio, kanuni hiyo haifanyi kazi, kwa sababu vigari vya Waamish wa huko ni vyeusi. Kamera unaifunika kwa wote wanaotumia farasi.