Kabla hujailaumu programu: kwa wanaoanza kuchonga bodi za saketi nyumbani

Anayeanza kuchonga bodi kwa mashine ndogo ya CNC (inayoongozwa na kompyuta), hizi za aina ya 3018 zinazokaa mezani, huja na swali lilelile: "Programu yangu inasumbua, nihamie ipi?" Mimi humwomba kwanza anionyeshe faili zake. Mara nyingi FlatCAM, programu ya kugeuza mchoro wa bodi kuwa amri za mashine, imefanya kama ilivyoagizwa, ila namba aliyoipa ndiyo mbovu. Kuhamia pcb2gcode, programu nyingine ya kazi hiyo, na namba hiyohiyo ni sawa na kuhama nyumba ukabeba kunguni kwenye godoro.

Shika kwanza mlolongo wenyewe. Mchoro unatoka kwenye programu ya kuchorea, KiCad au Proteus, ukiwa faili za Gerber, za shaba na za mzingo wa bodi, pamoja na faili ya Excellon ya matundu. FlatCAM inazisoma, inapiga hesabu ya njia ambayo biti (ncha ya kukatia) itapita, kisha inaandika msimbo wa G, yaani amri za mwendo wa mashine. Candle, bCNC au nyingine ya aina hiyo inautuma msimbo huo mstari kwa mstari kwa GRBL, programu iliyo ndani ya mashine yenyewe, ambayo ndiyo inayoziendesha mota za mashine. Faili zote hizo ni maandishi matupu. Zifungue kwa Notepad uzisome. Ukijua kasoro imeingilia hatua ipi, hutapoteza jioni nzima ukikaza skrubu za mashine ilhali tatizo liko kwenye Gerber.

Sasa tukae kwenye upana wa biti, maana hapo ndipo bodi nyingi zinapofia.

Biti ya ncha ya V haina upana mmoja. Kadiri inavyozama, ndivyo inavyokata pana. Hesabu yake: chukua upana wa ncha, ongeza mara mbili ya kina ukizidisha na tanjenti ya nusu ya pembe. Biti ya nyuzi 30 yenye ncha ya milimita 0.1, ikizama milimita 0.1, inakata upana wa takriban 0.15. Ikizama 0.2, inafika 0.21. Biti ya nyuzi 60 kwa kina hicho cha 0.2 inakata 0.33. Shaba ya kawaida ya bodi ina unene wa milimita 0.035 tu, kwa hiyo kina kikubwa hakikuongezei chochote zaidi ya vumbi na mfereji mpana.

Ukiandika upana mdogo kuliko ule halisi, programu itaipitisha biti karibu mno na shaba unayotaka ibaki, na laini zako, zile njia za shaba, zitatoka nyembamba. Umeandika 0.1 na biti inakata 0.2? Kila upande wa laini unaliwa 0.05. Laini ya 0.3 inabaki 0.2, na pale bodi ilipoinuka kidogo inaweza kukatika kabisa.

Ukiandika upana mkubwa kuliko nafasi iliyopo kati ya pedi mbili (vipande vya shaba vya kuungia miguu ya vipuri), mambo ni mabaya zaidi kwa sababu hutaambiwa kitu. FlatCAM haipigi kelele. Inaona biti haipenyi, basi inazizungushia pedi zote mbili njia moja kana kwamba ni pedi moja. Mashine inachonga vizuri, bodi inapendeza machoni, na ndani yake kuna shoti. Chukua chipu ya ATmega328P ya miguu 32 ya kubandika juu ya shaba: kutoka katikati ya mguu hadi katikati ya mguu unaofuata ni milimita 0.8. Pedi ikiwa na upana wa 0.55, nafasi inayobaki ni 0.25. Upana wa 0.2 unapita, wa 0.3 haupiti. Ile ya miguu 28 ya kupenya matundu, yenye umbali wa 2.54 kutoka mguu hadi mguu, haitakusumbua hata kidogo, ndiyo maana nawashauri wageni waanze nayo.

Kwa hiyo kabla ya kutoa msimbo, kuza picha kwenye skrini upite kila pengo jembamba kwa jicho. Kati ya pedi na pedi lazima uone mstari wa njia. Usipouona, una njia tatu: biti nyembamba zaidi, kina kidogo zaidi, au urudi kwenye mchoro upanue nafasi. Matoleo ya Beta ya FlatCAM yana chombo kinachokutafutia pengo dogo kuliko yote kati ya shaba na shaba. Kitumie. Halafu usiamini sana maandishi ya kwenye kijaluba cha biti: zile za bei ya chini, ncha ya "0.1" huwa butu kuliko ilivyoandikwa. Chonga mstari mmoja pembeni ya kipande cha bodi kibovu, upime mfereji kwa kioo cha kukuza au kwa kamera ya simu iliyokuzwa ukiwa umeweka rula pembeni, na namba hiyo ndiyo uiandike.

Kuhusu matundu kurundikana kwenye kona moja au kusambaa nje ya bodi: hiyo ni Excellon. Faili nyingi za aina hii haziandiki nukta ya desimali, na hupunguza sifuri, ama za mbele ama za nyuma. Milimita 15 inaweza kuandikwa X015 au X15000, kutegemea ni sifuri zipi zimeachwa. Programu inayosoma ikikosea upande, X015 inakuwa milimita 0.015 na matundu yote yanalala juu ya mwenzake. Tazama mistari ya mwanzo ya faili: utakuta METRIC au INCH, na mara nyingi LZ au TZ. LZ inamaanisha sifuri za mbele zimebakizwa, TZ za nyuma. Linganisha na mipangilio ya programu. Tiba rahisi zaidi ni kuchagua mfumo wa desimali wakati wa kutoa faili kutoka KiCad, na balaa lote linakwisha. Bodi ikitokea ndogo mara 25 hivi, hapo mmoja anasema inchi na mwenzake milimita. Kwenye msimbo wa G, G21 ni milimita na G20 ni inchi.

KiCad nayo ina tabia yake. Bodi iliyochorwa katikati ya karatasi hutoka ikiwa na X ya mia na kitu na Y hasi, na mashine ikiambiwa ianze kazi itakimbilia huko, hata kama ni kugonga fremu. Weka chimbuko, yaani sifuri ya X na Y, kwenye kona ya bodi ndani ya KiCad, kisha chagua kulitumia kwenye Gerber na kwenye faili ya matundu. Kote kuwili. Ukichagua upande mmoja tu, pedi zitakuwa hapa na matundu kule.

Bodi ya upande mmoja yenye shaba chini lazima igeuzwe kama kwenye kioo kabla ya kuchonga, na shaba, matundu na mzingo vigeuzwe kwa mhimili mmoja, ule wa mzingo wa bodi. Kila faili ikigeuzwa kwa mhimili wake yenyewe, hazitakutana tena. Andika herufi mbili tatu kwenye shaba ya mchoro: zikisomeka sawasawa kwenye skrini ya kutuma msimbo, uko salama.

Kwa wanaoendesha FlatCAM kutoka kwenye msimbo wa Python: ukikutana na ujumbe "'MultiPolygon' object is not iterable", bodi yako haina kosa lolote. Shapely, maktaba ya hesabu za maumbo ambayo FlatCAM inaitegemea, ilibadili tabia toleo la 2.0 lilipotoka mwishoni mwa 2022, na FlatCAM ya zamani haijui hilo. Tengeneza mazingira ya pekee ya Python, weka Shapely ya chini ya 2.0, endelea na kazi. Nimeona watu wakifuta kompyuta nzima kwa ajili ya mstari huo mmoja.

Upande wa GRBL, error:20 ni amri isiyoijua, na kwa kazi yetu mtuhumiwa wa kwanza ni M6, ya kubadilisha biti. Chagua muundo wa GRBL wakati wa kutoa msimbo, na toa faili tofauti kwa kila kipimo cha tundu. error:9 ni kufuli tu: mashine iko kwenye tahadhari, ijue sababu kwanza ndipo uifungue kwa $X. Spindo, mota inayozungusha biti, ikizima kila biti inapohama kutoka sehemu hadi sehemu, andika $$ kwenye programu ya kutuma msimbo utazame $32. Ikiwa ni 1, mashine inadhani ina leza. Irudishe 0. Hili linawapata sana walionunua mashine iliyokuja na vyote viwili.

Mfereji ukiwa mzito upande mmoja na hafifu upande wa pili, usiongeze kina. Bodi imepinda. Candle na bCNC hupima urefu wa uso kwa kugusisha biti kwenye shaba, waya mmoja kwenye biti na mwingine kwenye bodi, kisha hurekebisha msimbo kufuata mawimbi hayo. Kwa biti ya V jambo hili si anasa: tofauti ya kina ya milimita 0.1 kwa ile ya nyuzi 30 inabadili upana kwa 0.05, na umeshaona namba hiyo inafanya nini kwa laini.

Umeme nao. Ukikatika katikati ya kazi, kompyuta ya mkononi itabaki hai kwa betri lakini hesabu ya GRBL haitaaminika tena kuhusu biti ilipo, na mashine isiyo na swichi za mwisho (za kuhisi ukingo wa mwendo) haina njia ya kuitafuta sifuri yenyewe. Kwa hiyo kabla ya kuchonga, toboa matundu mawili nje ya mzingo, moja likiwa palepale kwenye sifuri ya X na Y, na usiilegeze bodi kwenye meza hadi mita ya umeme ikuambie hakuna shoti. Umeme ukirudi unashusha biti ndani ya tundu la kwanza, unaweka sifuri upya, unahakiki kwa tundu la pili, kisha unaanza faili upya. Biti itapita kwenye mfereji uleule. Na vaa barakoa, vumbi la FR4, ubao wenyewe wa bodi, lina nyuzi za kioo.