Pinki haina shida dada
Dada mnunulie tu dogo hiyo baiskeli ya pinki, kama mwenyewe kaipenda na hela ipo, hao wanaokwambia mtoto wa kiume ataharibika waache waongee. Hii ya pinki ya wasichana bluu ya wavulana wala sio ya zamani kivile, Marekani mwaka 1918 kuna jarida la wauza nguo za watoto liliandika kinyume kabisa, eti pinki ina nguvu inamfaa mvulana, bluu ni laini apewe msichana 😂 baadaye ikageuzwa na biashara ikanoga, maana ukishagawa rangi mdogo hawezi kurithi vya dada yake, mzazi unanunua upya. Watoto wetu huku Dodoma mvua zikinyesha wanafinyanga ng'ombe kwa udongo mwekundu, nani kashawahi kuuliza huo udongo ni wa kike au wa kiume?

Ukifika sokoni Majengo kuinunua kagua breki bana, zile za bei chee raba zinaisha fasta, na mnyororo uwe na kava asije akanaswa suruali. Alafu jifanye hiyo pinki huitaki sana, bei itashuka.